Spektrografu Iliyojengwa Pande Mbili za Kikwembe

Mnaniuliza kwa nini mzee aliyeacha kazi, asiye na bosi wala ibada ya kuwahi, ananyoa ndevu kila asubuhi kama bwana harusi. Nimewasikia mkinong'ona hapo nyuma ya mashine ya kukereza. Nitawajibu, ila jibu lina safari, na kwanza kabisa naomba aliyeleta kile kibati kilichopinda akitoe mezani kwangu. Skrubu haikazwi kwa hasira. Ukiikaza kwa hasira leo, kesho chuma kitakulipiza mbele ya watu.

Mimi ni ajista, fundi wa kuchonga vyuma na kuvilinganisha. Nilifanya kazi katika atelie, karakana ya reli hapa Kamina, mpaka nywele zikanikimbia. Nimetengeneza vipande vya injini, vya breki, vya mabehewa, hata kitasa cha choo cha mkuu wa stesheni. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote haikuwa ya reli. Ilikuwa chombo kinachoweza kulala ndani ya beseni la kuogeshea mtoto. Unakifunga nyuma ya darubini, kinapokea mwanga wa nyota moja, kinaupasua uwe utepe wa rangi, kisha kinaupiga picha. Chombo hicho kinaitwa spektrografu. Nilikijenga pamoja na mama mkwe wangu bila kumwona uso.

Chekeni, halafu mnisikilize.

Baba yangu alikuja Kamina akiifuata reli kutoka upande wa Kindu, na sisi watoto wa kambi tulikuwa mchanganyiko, desturi zetu nusu za huku nusu za kule. Mke wangu Mado ni wa ukoo wa zamani wa Kabongo, Baluba wanaojua jina la babu wa babu yao. Kwao kuna buko, heshima ya wakwe. Mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia majanini. Desturi hiyo ina mlango wake wa kutokea. Mkwe analeta kuku, mama mkwe anapika bukari, yaani ugali, wanakula pamoja mbele ya baba mkwe, na tangu siku ile wanaonana kama watu wengine. Kuku wangu niliwahi kumpeleka. Wiki ile ile baba mkwe akafariki. Bukari haikupikwa, kuku akabaki uani akitaga na kuatamia mpaka akazeeka, na hakuna aliyethubutu kuligusa tena jambo lile.

Mama mkwe wangu, Mama Kabange, alikuwa mwalimu wa fizikia. Alifundisha sekondari ya masista mpaka alipostaafu, na wapo madaktari na wahandisi waliopita mikononi mwake. Mwanamke aliyejua kueleza mwendo wa mwanga, na bado akisikia kikohozi changu langoni anaingia ndani na kufunga mlango. Siku moja nilimtuma Mado amuulize kama mambo hayo mawili hayagombani. Jibu likarudi kwamba hayajawahi kugombana hata siku moja, moja ni la nyota na lingine ni la watu. Kusema kweli nilimpenda kwa jibu hilo.

Basi macho yake yakaanza kuzima. Presha ya macho, daktari wa Lubumbashi alisema. Dawa ya matone ingechelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Uani kwake kulikuwa na darubini iliyoachwa na padri mmoja aliporudi kwao. Shule ilikuwa haiitumii, ikampa yeye, naye akaijengea kibanda chenye paa la mabati la kuvuta. Jioni moja Mado akaniletea ujumbe, akausema vilevile alivyopewa.

"Mama anasema hivi: minyi nimefundisha ile mistari ya nyota maisha yangu yote, na sijaiona hata siku moja. Nataka niione mbele macho haijafunga."

Ile mistari niwaeleze kidogo. Mwanga wa nyota nyeupe ukiupasua, ndani ya rangi utaona mistari myeusi, na kila hewa iliyopo kule juu ina mistari yake. Mama Kabange alikuwa akiichora ubaoni kila mwaka kwa ubavu wa chaki, akiwaambia watoto hii ni ya hidrojeni. Nyuzi kama hizo, ukichungulia kwa jicho, ni nyembamba mno, na jicho lake lilikuwa haliwezi tena. Picha ingeweza kukuzwa kwenye kompyuta mpaka mstari uwe mpana kama kidole. Hesabu zote alizifanya yeye. Vyuma vikawa juu yangu.

Nyota aliyoichagua ni Siriusi, kwa sababu inang'aa kuliko zote na mistari yake ni minene. Shida ya Siriusi kwetu ni kalenda. Inapendeza sana wakati wa mvua, yaani wakati mawingu yamekaa juu ya Kamina kama wageni wasiojua kuaga. Mvua zikikatika, yenyewe imekwisha kuelekea magharibi, na kila jioni iko chini zaidi. Baadaye moshi wa mapori yanayochomwa unaanza, na Siriusi inazama pamoja na jua. Kati ya mvua na moshi kuna mlango mwembamba, na hakuna aliyetuahidi kwamba mwaka unaofuata macho yale yatakuwa bado yanaona.

Chombo cha kwanza nilikijenga kirelireli, kwa chuma cha kweli. Nilipokifunga, darubini ikainamisha mkia, ikatazama paa la kibanda na ikakataa kushuka. Nikasikia Mama Kabange akicheka mahali nisipomwona. Ndipo nikaenda sokoni kwa wale wanaoyeyusha alumini na kumwaga masufuria kwenye mchanga, nikawaomba wanimwagie sanduku. Waliniuliza mfuniko wake utashikwa wapi na ni la kupikia nini. Sanduku likatoka jepesi na zuri, nikalipeleka kwenye mashine ya kukereza.

Mwanya wa kuingizia mwanga ni nyembe mbili, makali yakitazamana. Kumbukeni hili: mwanya ukiwa mpana utapata mwanga mwingi na mistari iliyovimba, ukiwa mwembamba mno utapata mistari safi ila hakuna mwanga wa kuiona. Na futeni vumbi. Picha yetu ya kwanza ya majaribio, tuliyopiga kwa jua, ilikuwa na mistari mirefu myeusi kutoka mwanzo wa utepe mpaka mwisho. Nilishangilia. Mama Kabange akanitumia habari kwamba ile si mistari ya jua, ni vumbi la Kamina limelala kwenye nyembe.

Ndani ya sanduku kunatakiwa weusi usiong'aa. Mimi nikapaka oili chafu, mkono wa atelie tena. Joto la mchana likaipandisha hadi kwenye lenzi, lenzi zikapata ukungu, ikabidi kufungua kila kitu. Aliyetuokoa ni mama mkwe, kwa ualimu wake. Wazee wenu wanaijua dawa ya ubao: unavunja betri za redio zilizokufa, unasaga ule mkaa wa ndani, unachanganya na maji ya majani yaliyotwangwa, unapaka. Alipaka yeye mwenyewe, sanduku likawa jeusi kama ubao wa darasa la kwanza. Nyinyi msiguse mkaa huo kwa mikono mitupu, siku hizi tunajua una sumu. Na taa ya kutuonyesha rangi gani inaangukia wapi ilikuwa ile taa ndogo nyekundu ya ndani ya testa ya fundi umeme, ambayo mistari yake inajulikana.

Sasa mnataka kujua tulifanyaje kazi. Ndani ya kibanda tulifunga kamba, tukatundika kikwembe, kitenge cha kuvaa wanawake, kama pazia. Upande wangu darubini na skrubu zake, upande wake meza na kompyuta, na waya unapita chini. Mado alisimama pembeni ambapo aliweza kutuona wote wawili, akipeleka maneno. Mama anasema zungusha kushoto. Bwana anasema nimezungusha. Mama anasema nyota imepotea kabisa. Tulihangaika jioni nzima mpaka Mado akauliza, "Kushoto ya nani?" Maana tulikuwa tumetazamana bila kuonana, na kushoto kwa mama kulikuwa kulia kwangu. Tangu siku ile hatukusema tena kushoto na kulia. Tulisema kanisa na reli, moja upande huu wa kibanda na nyingine upande ule. Kanisa liko mahali pamoja kwa watu wote. "Geuza kanisa kidogo." "Rudisha reli." Hata leo nikikaza kitu kigumu, mdomo wangu unasema kanisa.

Mwaka wa kwanza tulipata picha ya Siriusi, na picha ilikuwa uji. Rangi zipo, mistari hakuna, imefutika. Tulijaribu tena, uji. Moshi ukaja, mlango ukafungwa, na Mado akaniambia kwamba mama yake alikuwa amekaa na ile picha amebandika pua kwenye kioo cha kompyuta, akiitafuta mistari ambayo haikuwepo. Niliumia sana. Nilikuwa nikilala na kuamka na lile sanduku kichwani.

Mwalimu wangu wa kazi, Papa Mwamba, Mungu amrehemu, alinifundisha tangu siku ya kwanza kuacha nafasi. Mnajua reli inavyoachiwa mwanya kati ya kipande na kipande, jua likiwaka chuma kirefuke bila kupinda. "Chuma iko na pumuzi, mutoto," alikuwa akisema. "Ukiinyima nafasi, itajitafutia yenyewe." Kwa hiyo na mimi kila kipande cha spektrografu nilikiachia nafasi yake ndogo, kwa heshima ya marehemu. Lenzi ilikuwa na nafasi, kioo cha kupasulia mwanga kilikuwa na nafasi. Hesabu za mama nazo zilikuwa zimechorwa kwa chombo kilichotulia mezani. Lakini darubini inaifuata nyota inaposhuka, chombo kinainama nayo taratibu, na kila kipande kinateleza ndani ya nafasi niliyokipa. Mistari ilitembea wakati picha inapigwa. Hakuna fundi wa saa ambaye angefanya hivyo. Ni mtu wa reli tu.

Nikatuma habari nikaze kila kitu. Mama akakataa: joto la mchana litapinda kioo. Wote wawili tulikuwa na haki, na hapo tukakwama kama treni mbili kwenye njia moja.

Jibu nililikuta Bukama. Nilikwenda kumsaidia Mado kupakia samaki wake wakavu wa Kinkondja, kwani hiyo ndiyo biashara yake, na nikingoja treni nikashuka kulitazama daraja la Lualaba. Nikakumbuka Papa Mwamba aliwahi kunishika mkono akauweka kwenye miguu ya daraja. Upande mmoja chuma kimekazwa, hakiendi popote. Upande wa pili kimekaa juu ya magurudumu ya chuma, kinarefuka na kufupika kinavyotaka. Yeye mwenyewe alinionyesha, na mimi nilishika nusu ya fundisho. Nilirudi Kamina nikafungua sanduku. Kila kipande nikakikaza upande mmoja, na upande wa pili nikakisukumia resor, springi ndogo nilizozitoa kwenye cherehani iliyokufa. Kikitaka kurefuka kinaisukuma resor, kikiinamishwa resor inakizuia. Mama aliposikia akatuma jibu fupi kwamba hilo ni daraja. Nilifurahi siku tatu.

Mvua zikakatika mwaka uliofuata. Siriusi ikaonekana magharibi, juu ya miti ya kanisa. Na hapo Mado akawa hayupo. Alikuwa amekwenda Kinkondja kuchukua samaki, akarudi hadi Bukama, treni ikalala Bukama. Kila siku alipiga simu, kila siku treni haijatikisika. Tulijaribu jirani mmoja apeleke maneno badala yake, akawa anaongeza ya kwake. Jioni zikapita, nyota ikawa inagusa matawi, na upande wa mashariki tayari moshi wa kwanza ulikuwa unapanda.

Jioni moja baada ya jua kuzama nilikwenda kuifunika darubini tu. Upepo ulikuwa umefagia anga, Siriusi inawaka. Nilikuta paa limekwisha kuvutwa na kompyuta inanguruma. Kisha sauti ya Mama Kabange ikasema nyuma ya kikwembe:

"Mado, ambia bwana yako nyota iko inashuka."

Mado alikuwa Bukama amekaa juu ya magunia ya samaki. Nilisimama. Halafu nikasema, "Mado, ambia mama niko naiona."

Tukaanza kazi hivyo, mimi na yeye na Mado asiyekuwepo. Mado, ambia bwana yako ageuze kanisa. Mado, ambia mama nimegeuza. Mado, mwambie arudishe reli. Nilikuwa karibu kucheka, mpaka nikagundua kwamba kanisa na reli zilikuwa zinafuatana bila mpango. Alisema kanisa, akasema hapana, reli, akasema ngoja. Alikuwa anabahatisha. Utepe wa mwanga ulikuwa labda uko pale kwenye kioo mbele yake, naye hauoni. Mwaka mzima ule mimi nilikuwa nahesabu skrubu, na macho yalikuwa yanakwenda.

Nikasikia kiti chake kikirudi nyuma.

"Mado haiko huku," akasema mwisho, na safari hii sauti ilikuja kwangu moja kwa moja. "Iko Bukama na masamaki yake. Mwana wangu, toa hii kikwembe."

Mikono iliyofungua injini nzima ilishindwa na fundo la kamba. Kikwembe kilipoanguka niliinamisha kichwa, nikaona miguu yake, ukingo wa meza, na kando ya kompyuta sahani iliyofunikwa. Kumbe alikuwa amepika tangu mchana. Kulikuwa na bukari na kuku, na viti vitatu.

"Hii ya katikati iko ya baba Mado," alisema. "Kuku yako ilikufa muzee. Huyu ni mujukuu yake. Kula mbio, nyota haingoje wakwe."

Tulikula matonge mawili matatu, kutoka sahani moja, kiti cha marehemu kati yetu. Sijui ladha yake ilikuwaje, nilikuwa nalia. Kisha nikanawa, nikaweka mkono mmoja kwenye skrubu na macho kwenye kompyuta, na kwa kuwa sasa nilikuwa naona kitu nilichokuwa nakigeuza, utepe ukaja, ukatulia. Tukaacha picha ijipige. Nyota ilishuka, darubini ikainama nayo, resor zikafanya kazi yake.

Picha ilipotoka niliikuza kama alivyonielekeza, mpaka ikajaza kioo chote. Rangi kutoka nyekundu hadi zambarau, na kati yake mistari myeusi, minene, imesimama wima. Mama Kabange akasogea mpaka uso wake ukaangaziwa na rangi. Akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akakihamisha hadi wa pili, hadi wa tatu, polepole, nafasi kati yao ikipungua kama alivyoichora ubaoni. Alisema neno moja tu, hidrojeni, kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani. Alikaa hapo na mistari yake kitambo.

Kisha akageuza kiti.

"Sogea ku taa," akaniambia. "Macho yangu iko inaisha. Minyi nataka nibaki na sura yako ndani."

Nilisogea. Hapo ndipo na mimi nilimwona: uso wa Mado uliokwisha kuzeeka, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia lipo. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga upande huu na upande ule. Akaniuliza ndevu za kwenye picha ya ndoa zimekwenda wapi. Nikamwambia nilinyoa, mama.

"Ulifanya muzuri," akasema, na akanitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama Siriusi.

Mado alifika na samaki wake, akakuta kikwembe kimefunika spektrografu, na ndicho kinachoifunika mpaka leo. Siku hizi mama haoni hata taa. Nikiingia uani simkimbii wala hanikimbii. Nakohoa, ananyoosha mkono, anapitisha vidole kwenye mashavu yangu, anasema, "Njo weye." Ile sura aliyoibeba ndani ni ya mtu asiye na ndevu, vijana wangu, na mimi sitaki akinigusa akutane na mwingine.